Padre Baur na Kanisa la Waliokombolewa

Mgeni wa Bagamoyo huonyeshwa kwanza mnara wa kanisa la zamani, pale mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 24, 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Maiti ile ilikuwa ya kupita tu. Padre Étienne Baur aliitumikia pwani hii kwa takriban miaka 50 na akafia papo hapo Bagamoyo mwaka 1913, lakini ukimtaja leo, hata miongoni mwa Wakatoliki, wengi watakuuliza ni nani huyo.

Habari zake zinaanzia ng'ambo. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadre na masista. Mwaka 1863 kazi ile ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, ndipo wakaja Antoine Horner na Baur, wote wawili wenyeji wa Alsace. Katika nchi ya Sultani, kuwahubiria Waislamu hakukuwa na njia. Mapadre wakaelekeza macho kwa watoto waliokuwa wakiuzwa sokoni, wakawa wanawanunua ili wawakomboe. Baada ya Sultan Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873, wengi wakaletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini.

Mwaka 1868 Horner alihamishia kazi bara, Bagamoyo, mji ambao misafara kutoka Ujiji na Tabora ilitua mizigo yake. Majaribu hayakukawia. Kipindupindu kilipita kikaua, kisha Aprili 15, 1872 kimbunga kikaibomoa misheni. Wakaanza upya. Makaburi yaliyo nyuma ya misheni yanaeleza yaliyobaki: majina ya mapadre, mabradha na masista, wengi wao vijana waliouawa na homa wakiwa bado wageni.

Maisha ya pale yaliongozwa na kengele. Ililia alfajiri kwa sala na misa, ikalia kwa kazi ya shamba, kwa darasa, kwa karakana ya useremala na uhunzi, na jioni ikawarudisha wote kanisani. Vijana walipokua walifungishwa ndoa, wakapewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Wakristo. Tusiupake rangi utaratibu huo. Waliokombolewa hawakuulizwa kama wanataka maisha ya namna hiyo, nidhamu ilikuwa kali, na wapo waliotoroka. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, kisha akapangiwa saa ya kuamka na saa ya kulala, alikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, kwa mtoto aliyetekwa huko bara, asiyekuwa na ukoo wala mahali pa kurudi, sala ile ya pamoja ilimpa jamaa.

Na jamaa hiyo ndiyo iliyolipeleka Kanisa bara. Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa mwaka 1877 katika milima ya Nguru, waliokwenda kuishi huko ni familia za Wakristo kutoka Bagamoyo. Zikafuata Mandera ya Uzigua, Morogoro na nyinginezo. Horner hakuyaona mengi ya hayo; afya ilimwishia, akafariki Ufaransa mwaka 1880. Baur aliendelea, akasafiri kwa miguu Udoe, Ukwere, Ukami na Usagara, na safari hiyo ikaandikwa katika kitabu alichotoa na Padre Alexandre Le Roy.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1888, pwani ilipowaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Bagamoyo, Waislamu na wasio Waislamu, na Abushiri aliiheshimu mipaka yake. Askofu Raoul de Courmont alishiriki kumwomba Abushiri awaachie wamisionari Wabenediktini waliotekwa Pugu Januari 1889. Naona heshima hiyo ilitokana na miaka ishirini ya ujirani, ya kutibu wagonjwa na kuzika wafu bila kuuliza dini.

Mwaka 1906 Bagamoyo ikawa vikarieti, chini ya Askofu François-Xavier Vogt. Baur alipozikwa, kanisa jipya linalosimama hadi leo lilikuwa likijengwa. Lilikamilika mwaka 1914.

Mwaka 2018 Kanisa Katoliki liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji Tanzania Bara, na ibada kuu ikafanyika Bagamoyo. Mapadre walikumbukwa na kushukuriwa ipasavyo. Lakini makatekista waliotoka kijiji kile cha Wakristo, waliosalisha Jumapili kwa Jumapili vijijini ambako padre alifika mara chache, bado hawajaandikiwa historia inayowastahili. Parokia za Mhonda, Mandera na Bagamoyo zina wazee, na daftari za zamani zina majina ya ubatizo na ndoa. Wenye nafasi ya kuyasoma na kuwahoji wazee hao waanze sasa.