Alamo: Mchemraba ulioondolewa New York ili upate kuzunguka tena

ALAMO ni sanamu ya chuma yenye umbo la mchemraba, iliyoko Astor Place, mtaani East Village, jijini New York, Marekani. Kila upande una urefu wa takriban mita 2.4, na uzani wake ni karibu kilo 820. Imesimamishwa juu ya pembe moja, na ndani yake mna mhimili unaoiwezesha kuzunguka inaposukumwa. Kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, mara nyingi wapita njia wasiojuana huungana kuizungusha.

Msanii Tony Rosenthal, aliyefariki mwaka wa 2009, aliisimika mwaka wa 1967 katika maonyesho ya jiji yaliyokusudiwa kudumu miezi michache tu. Wakazi waliomba isiondolewe, na ombi lao likakubaliwa. Jina lake lilitolewa na mkewe Rosenthal, ambaye uzito na uthabiti wa sanamu hiyo ulimkumbusha ngome ya Alamo huko Texas.

Tangu hapo imeondolewa mara kadhaa. Machi 2005 ilipelekwa kukarabatiwa, na wapenzi wake wakaweka mahali pake mfano uliotengenezwa kwa mabomba ya plastiki. Ilirejeshwa Novemba mwaka huo. Novemba 2014 iliondolewa tena ili barabara na uwanja wa Astor Place zijengwe upya, na haikurudi hadi Novemba 2016.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi liliipata ikiwa papo hapo uwanjani. Baada ya kusukumwa kwa zaidi ya nusu karne, mitambo yake ya ndani ilichakaa. Kufikia mwaka wa 2022, sanamu hiyo ilikuwa imefungiliwa vyuma vya kuizuia isizunguke, kwa ajili ya usalama. Ilionekana, lakini waliozoea kuisukuma waliambulia patupu.

Mei 2023 ilisafirishwa hadi karakana moja jimboni Connecticut, ambako ilitengenezewa mitambo mipya ya kuzungukia. Julai mwaka huo ilirejeshwa, na umma ukaanza kuisukuma upya.

Sanamu nyingi za umma huhifadhiwa kwa kukatazwa kuguswa. Alamo haiwezi kutunzwa hivyo: mikono inayoipenda ndiyo inayoichakaza, na bila mikono hiyo hubaki kipande cha chuma tu. Kwa hivyo, kuondolewa kwake mwaka wa 2023 ndiko kulikowarudishia wakazi kile walichokipigania mwaka wa 1967.