Mama Angejuaje?

Mara nyingi nimesikia mama akilaumiwa kwa kuwa mwanawe mchanga amevimba tumbo na anaharisha damu. Historia ya mojawapo ya sababu za maradhi hayo humtetea. Mwaka 1881, huko Ujerumani, Hugo Ribbert aliona chembe kubwa mno katika figo za mtoto aliyezaliwa mfu; hakuzitambua. Mwaka 1904 wengine waliona chembe kama hizo, wakadhani ni vimelea. Ni mwaka 1956 na 1957 ndipo Margaret Smith, Thomas Weller na wenzao wa Marekani walipovikuza maabarani virusi vyenyewe: saitomegalovirusi. Mama huweza kuwa navyo bila dalili, vikamwingia mtoto angali tumboni. Baadhi ya watoto hudhurika utumbo, hata ukatoboka. Mabingwa walitazama miaka 75 wasijue. Mama angejuaje?