Gemu Ninayoiota: Dunia Ndogo Yenye Kumbukumbu

Leo tuongee kuhusu gemu za kuzurura: unaingia nchi ya wachawi na majoka, unaenda utakako. Je, iliyo bora kabisa ingekuwaje?

Wengi watasema iwe kubwa. Lakini ukubwa ulishajaribiwa! Mwaka 1996 Bethesda walitoa Daggerfall, yenye miji, vijiji na mapango zaidi ya 15,000. Sehemu kubwa ilipangwa na programu yenyewe kwa kanuni, si kwa mkono. Matokeo? Ukiona kijiji kimoja, umeona mia.

Ultima VII ya 1992 ilikuwa na dunia ndogo zaidi, ila watu wake walikuwa na ratiba: wanafanya kazi, wanakula, wanalala. Hata wewe ungeweza kuchanganya unga na maji, ukaoka mkate.

Kisha ikaja Morrowind, 2002. Ukimuua mhusika wa hadithi kuu, gemu inakuonya kwamba unabii umekatika, halafu inakuachia uamuzi: rudi nyuma, au endelea kuishi katika dunia uliyoiharibu. Oblivion ya 2006 iliondoa uhuru huo. Wahusika muhimu wanazirai tu, kisha wanainuka.

Kama mwandishi wa programu naelewa sababu. Kila tendo lisilofutika ni njia nyingine ya kuandika na kujaribu, na hiyo ni gharama. Lakini uhuru usioacha alama ni matembezi tu. Nipeni kijiji kimoja na muoka mikate mmoja. Nikimwibia leo, kesho asiniuzie.