Msasa Ubavuni mwa Mashua

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwaka 2012, mtumbwi wa asili huchongwa katika gogo moja kwa shoka na tezo. Alama za tezo hubaki ubavuni, wala haziudhuru. Mashua ya mbao, kinyume chake, huungwa kwa mbao nyingi, na kila maungio sharti yanyooshwe. Hapo ndipo randa, neno lenye asili ya Kiajemi, hutofautiana na msasa. Randa ndefu huegemea miinuko na kuikata, hivyo hunyoosha. Msasa ulioshikwa kwa kiganja hufuata mabonde, hivyo hulainisha tu, isipokuwa ukizungushiwa kibao kirefu. Anayetanguliza msasa hupata ubavu laini wenye mawimbi. Hata hivyo, neno msasa halikuanza na karatasi ya dukani: ni jina la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumika kusugulia mbao. Kamusi inayolifasili kuwa karatasi pekee huufuta mti huo, pamoja na maarifa ya waliouchuma.