Mbuzi wa Tad katika Nyumba ya Rais

Habari za Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, zajulikana na wengi. Twasoma ya kuwa alizaliwa mwaka wa 1809 katika nyumba ya magogo huko Kentucky, ya kuwa alijifunza sheria peke yake kwa kusoma vitabu, na ya kuwa tarehe 1 Januari 1863 alitangaza uhuru wa watumwa waliokuwa katika majimbo yaliyoasi. Lakini atakaye kumjua mtu vema hana budi kuingia uani kwake, aone ni nani wanaolishwa pale. Katika ua wa Lincoln walikuwamo mbuzi wawili wa mtoto wake mdogo, na habari zao zastahili kusomwa na kila mzazi.

Lincoln alikuwa mtoto wa shamba, na tangu utoto alijua ya kuwa mnyama wa nyumbani aweza kuleta uzima, tena aweza kuleta mauti. Tarehe 5 Oktoba 1818, walipokuwa wakikaa Indiana, mama yake Nancy alikufa kwa maradhi yaliyoitwa ugonjwa wa maziwa. Huko kuna mmea wa mwituni wenye maua meupe. Ng'ombe akiula, sumu yake huingia katika maziwa, na mtu anywaye maziwa hayo hutapika, hulegea mwili, na mara nyingi hufa. Lincoln alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Kabla ya hapo, siku chache kabla hajatimiza miaka minane, alipiga bunduki kwa kupitia ufa wa nyumba yao, akaua bata mzinga wa mwitu. Mwaka wa 1860 aliandika mwenyewe ya kuwa tangu siku ile hakupata tena kumpiga risasi mnyama aliye mkubwa kuliko huyo.

Alipokuwa mwanasheria katika mji wa Springfield, Illinois, alimwoa Mary Todd mwaka wa 1842, na mwaka wa 1844 wakanunua nyumba. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na farasi na ng'ombe, na majirani walimwona mwanasheria huyo akikamua maziwa kwa mikono yake mwenyewe. Walijaliwa watoto wanne, wote wanaume: Robert, Edward, William aliyeitwa Willie, na Thomas aliyeitwa Tad. Edward alikufa mwaka wa 1850, hajatimiza miaka minne. Willie na Tad walikua pamoja na mbwa wao wa rangi ya manjano, jina lake Fido. Lincoln alipochaguliwa kuwa Rais, waliona ya kuwa mbwa yule mwenye kuogopa makelele hataiweza safari ndefu ya gari la moshi. Basi wakamwacha kwa watoto wa jirani mmoja seremala. Alipigwa picha pia, na picha yake ingaliko hata leo.

Tarehe 4 Machi 1861 Lincoln aliapishwa mjini Washington. Haukupita mwezi mmoja na nusu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Robert alikuwa mbali akisoma katika chuo kikuu, lakini Willie na Tad walikaa na wazazi wao katika nyumba ya Rais, iitwayo White House. Willie alikuwa na miaka 10, mtoto mtulivu mwenye kupenda vitabu. Tad alikuwa na miaka saba, mtundu sana, tena alizaliwa na kasoro kinywani, hata maneno yake hayakueleweka na watu wengi. Baba yake alimwelewa. Watoto wale walikuwa na wanyama wa kucheza nao, na Willie alipenda sana kumpanda farasi wake mdogo.

Mapema mwaka wa 1862 ndugu hao wawili walishikwa na homa, ambayo hudhaniwa kuwa homa ya matumbo. Tad alipona. Willie alikufa tarehe 20 Februari 1862, mwenye umri wa miaka 11. Mama yao aliingia katika majonzi makubwa, akavaa nguo nyeusi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tena hakuweza kuwatazama watoto wawili waliokuwa wakija kila mara kucheza na wanawe, kwa maana aliwaona akamkumbuka Willie. Basi hawakualikwa tena. Hivyo Tad alipoteza ndugu yake, akapoteza na rafiki zake. Alibaki mtoto peke yake katika nyumba iliyojaa majenerali na watu watafutao kazi, naye hawezi kusema wakamfahamu. Hapo ndipo tutaelewa mbuzi wale walikuwa nini kwake.

Majina yao yalikuwa Nanny na Nanko. Shahidi wetu ni Bibi Elizabeth Keckley, mshonaji wa nguo za mke wa Rais. Bibi huyu alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, na mwaka wa 1855 alijikomboa yeye na mwanawe kwa dola 1,200. Mwanawe huyo, aliyekuwa mtoto wake wa pekee, aliuawa vitani mwezi wa Agosti 1861. Willie alipokufa, Bibi Keckley ndiye aliyesaidia kumwosha na kumvika. Mwaka wa 1868 alitoa kitabu cha maisha yake, na humo aeleza ya kuwa mbuzi wale waliijua sauti ya Lincoln. Akiwaita, huja mbio wakirukaruka mpaka ubavuni pake. Siku za jua, asema, Rais na Tad waliweza kucheza nao uani kwa muda wa saa nzima. Siku moja Rais alimwita Bibi Keckley dirishani, wakasimama pamoja kuwatazama mbuzi wakiruka. Mama huyu aliyekuwa mtumwa alikuwa amefiwa na mwanawe, na Rais amefiwa na wake. Wote wawili walifurahi kidogo kwa ajili ya mbuzi.

Wala tusidhani ya kuwa kila mtu alifurahi. Inasimuliwa ya kuwa siku moja Tad aliwafunga mbuzi mbele ya kiti, akakalia kiti kile, akapita nao mbio katikati ya ukumbi mkubwa ambamo mabibi wageni walikuwa wamekusanyika. Mtunza bustani naye alilalamika, kwa kuwa Nanny alikula maua. Sisi tuliolelewa pamoja na mbuzi hatuhitaji kuelezwa malalamiko hayo. Mbuzi hajui shamba la mkuu wala la maskini. Akiona jani bichi, hulila.

Mwezi wa Julai 1863 vita vilikuwa vikali mno. Katika siku tatu za mapigano ya Gettysburg, tarehe 1 mpaka 3 Julai, watu wapatao 50,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Agosti, Rais alimwandikia barua mkewe, aliyekuwa safarini kaskazini pamoja na Tad. Katika barua ile alimpasha habari ya msiba: Nanny amepotea. Hakuandika kwa neno moja tu. Alieleza ya kuwa siku waliyoondoka, Nanny alikutwa amelala katikati ya kitanda cha Tad, akicheua. Alieleza malalamiko ya mtunza bustani kule kwenye nyumba yao ya kiangazi, na jinsi mbuzi alivyoletwa mjini kwa sababu hiyo, na ya kuwa siku ya pili hakuonekana tena. Mtu aliyezoea kupokea taarifa za majeshi alimwandikia mwanawe taarifa ya mbuzi kwa uangalifu ule ule.

Mwaka uliofuata msiba mwingine ulitokea. Usiku wa tarehe 10 Februari 1864 zizi la farasi la Rais lilishika moto. Askari mmoja wa ulinzi alisimulia baadaye ya kuwa Lincoln alitoka mbio, akaruka ua wa miti, akauliza kama farasi wametolewa. Alipoambiwa hawajatolewa, alitaka kuufungua mlango kwa mikono yake; walinzi wakamrudisha nyumbani, wakihofu ya kuwa labda adui amewasha moto ule ili kumvuta nje amwue. Farasi sita waliteketea. Baadaye Rais alionekana akilia dirishani, na Tad ndiye aliyeeleza sababu: miongoni mwa waliokufa alikuwamo farasi mdogo wa Willie.

Tarehe 28 Aprili 1864 mke wa Rais alikuwa New York pamoja na Tad. Alipeleka habari kwa simu ya maandishi kuomba fedha, akaongeza ya kuwa Tad ataka kujua kama mbuzi hawajambo. Ilibaki wiki moja tu kabla Jenerali Grant hajaanza safari yake kubwa ya vita kuelekea Richmond, na Rais alikuwa na mengi ya kumshughulisha. Hata hivyo alijibu siku ile ile ya kuwa fedha zitakuja, na ya kuwa Tad aambiwe mbuzi na baba yake wote hawajambo sana, hasa mbuzi.

Labda msomaji mmoja atauliza: Je, si vibaya mtawala kushughulika na mbuzi wakati watu wake wanakufa kwa maelfu? Swali hili ni la haki. Lakini na tutazame mtu huyu alifanya nini kwa wanadamu. Aliletewa hukumu nyingi za kifo za askari waliotoroka vitani au waliolala wakiwa zamu, naye alitafuta kila sababu ya kuwasamehe wengi wao, hata majenerali wakanung'unika. Inasimuliwa pia ya kuwa bata mzinga aliletwa achinjwe kwa sikukuu ya Noeli; Tad akamzoea, akampa jina la Jack, akamwingilia baba yake kazini akilia na kumwombea. Rais akaandika cheti cha kumwokoa ndege yule. Na mwisho wa Machi 1865, alipokuwa katika kambi ya Jenerali Grant huko City Point, aliwaona paka watatu wachanga waliofiwa na mama yao. Aliwapakata, akamwomba ofisa mmoja aangalie wapewe maziwa. Aliyeyaandika hayo, Horace Porter, alikuwapo akiyaona. Huruma yake haikuwa na mafungu mawili, moja la wanyama na moja la watu, hata tuseme ya kuwa alilipunja hili kwa ajili ya lile.

Siku ile ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, Lincoln alipigwa risasi, akafa kesho yake asubuhi. Tad alikuwa na miaka 12. Naye hakuishi sana. Alikufa mjini Chicago mwaka wa 1871, akiwa na miaka 18. Watoto watatu kati ya wanne wa nyumba ile hawakufika utu uzima.

Kwetu mbuzi ni mali. Twamfuga kwa nyama, kwa maziwa, kwa mahari na kwa siku ya shida, wala hapana lawama. Hakuna anayetuomba tumlaze kitandani. Lakini mtoto achungaye mbuzi watano awajua wote kwa majina, na jioni, arudipo, ana habari ya kusema: huyu achechemea, yule amezaa, mwingine hajarudi. Mara nyingi baba aliyechoka humjibu, "Niache, nina kazi." Lincoln alikuwa na kazi kuliko sisi sote, na mwanawe alikuwa na ulimi mzito, tena nyumba yao ilikuwa na kilio. Kwa habari za mbuzi, baba na mtoto waliendelea kusemezana.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi jioni ya leo mtoto akija na habari ya mbuzi, na tumsikilize mpaka amalize.