Nyuzijoto tano zilizoifichua jeni ya saratani

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, wachunguzi wa virusi walikuwa wamekwama. Njia ya kujua kazi ya jeni ni kuiharibu, kisha kutazama kinachopungua. Lakini jeni muhimu kuliko zote, kama ile inayonakili DNA ya kirusi au ile inayounda gamba lake, ukiiharibu kirusi hakizai tena, na kirusi kisichozaa hakiachi kitu cha kuchunguzwa. Ndiyo maana jeni nyingi zilizojulikana zilikuwa za mambo madogo, mfano ukubwa wa doa ambalo kirusi huliacha juu ya utando wa bakteria kwenye kisahani. Jeni za uhai zilibaki gizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Edgar na wenzake katika chuo cha California Institute of Technology, mjini Pasadena, walipata njia ya kupita. Walikichukua T4, kirusi kinachoshambulia bakteria wa E. coli, wakakitia kemikali za kubadili jeni. Kisha wakatafuta vizazi vinavyoongezeka vizuri kwenye nyuzijoto 25 na kushindwa kabisa kwenye nyuzijoto 42.

Siri ya tabia hiyo imo ndani ya protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo ndilo linaloifanya iweze kazi yake. Pete moja ya mnyororo ikibadilishwa, mara nyingine umbo husimama imara penye ubaridi, lakini joto likipanda hulegea. Mutanti ya joto, yaani kirusi chenye badiliko la namna hiyo, hufugwa penye ubaridi kikazaa bila taabu, halafu hupelekwa penye joto ili kionyeshe kilichoharibika.

Mutanti zilipofika mamia, zilipangwa kwa jaribio rahisi. Bakteria mmoja huambukizwa mutanti mbili kwa pamoja kwenye joto kali. Virusi vipya vikizaliwa, hitilafu zao ziko kwenye jeni tofauti, kwa kuwa kila mutanti imempa mwenzake alichokosa. Visipozaliwa, zote mbili zina ugonjwa wa jeni ileile. Kwa njia hiyo, pamoja na mutanti nyingine ambazo Richard Epstein na wenzake walizipata kwa kubadilisha aina ya bakteria badala ya joto, ramani ya jeni za uhai za T4 ilichorwa ndani ya miaka michache. Ikajulikana kuwa jeni namba 43 ndiyo inayounda kimeng'enya cha kunakili DNA. Mwaka 1966 Edgar na William Wood walichanganya majimaji ya bakteria walioambukizwa mutanti tofauti, wengine wakiwa na vichwa vya virusi tu, wengine mikia tu. Ndani ya chupa, vipande hivyo vikaungana vyenyewe vikawa virusi kamili.

Mbinu ikahamia kwenye virusi vya wanyama. Kimojawapo kilitoka Uganda. Kirusi cha Semliki Forest kilipatikana mwaka 1942 kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa nchi hiyo, na ni jamaa wa karibu wa kile cha chikungunya. Miaka ya 1970, Sirkka Keränen na Leevi Kääriäinen huko Helsinki, Finland, walikitengenezea mutanti za joto. Baadhi zilikuwa na protini za ngozi ya kirusi zilizokwama ndani ya seli joto lilipopanda, na zikaanza safari ya kwenda nje lilipopunguzwa. Wanabiolojia wakapata namna ya kuifuatilia njia ambayo seli husafirishia protini zake.

Lakini swali zito zaidi lilikuwa la saratani. Mwaka 1911, Peyton Rous wa Rockefeller Institute, New York, alieleza kwamba uvimbe wa saratani ya kuku unaweza kuhamishiwa kwa kuku mwingine kwa majimaji yaliyochujwa yasibaki na seli hata moja. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa kirusi. Wengi walilipuuza jambo hilo kwa miongo kadhaa. Rous alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa mzee. Mwaka 1958, Harry Rubin na Howard Temin, wakiwa katika chuo kilekile cha Pasadena, walikuwa wamebuni namna ya kupima kirusi hicho kwa kuhesabu vishada vya seli zilizogeuka saratani kwenye kisahani.

Je, kirusi huwasha moto wa saratani na kuondoka, au lazima kibaki kikiuchochea? Mwaka 1965, Mike Fried, naye wa Pasadena, alilijaribu swali hilo kwa mutanti ya kirusi cha panya kiitwacho polioma. Seli zilizokwisha kugeuka penye ubaridi hazikurudi nyuma joto lilipopandishwa. Jeni ile ilihitajika kuanzisha ugonjwa tu.

Mwaka 1970, Steven Martin, mtafiti kijana katika maabara ya Rubin, ambaye sasa alikuwa Berkeley, aliitenga mutanti ya kirusi cha Rous iliyotoa jibu tofauti. Kwenye nyuzijoto 36, seli za kuku zilizoambukizwa zilikuwa na sura ya saratani. Kwenye nyuzijoto 41, ambalo ndilo joto la kawaida la mwili wa kuku, zilirudia umbo lake la kawaida, ilhali kirusi kiliendelea kuzaliana humo kama kawaida. Ukishusha joto, saratani inarudi. Kwa hiyo kirusi kilikuwa na jeni ambayo hakikuihitaji kwa uzazi wake, na seli ilibaki na saratani pale tu protini ya jeni hiyo ilipokuwa kazini.

Jeni hiyo ikaitwa src. Mwaka 1976, Dominique Stehelin, Harold Varmus, Michael Bishop na Peter Vogt walionyesha kwamba asili yake si kirusi: imo ndani ya DNA ya ndege wazima, na kirusi kiliichukua humo. Bishop na Varmus walipata Nobel mwaka 1989. Protini ya src ilionekana kuwa kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Mwaka 2001, Marekani iliidhinisha imatinib, dawa inayozuia kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, kiitwacho Abl, kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Dawa hiyo inafaa kwa sababu saratani ile nayo huishi kwa kutegemea protini moja isiyopumzika.

Siku hizi maabara inaweza kuikata jeni yoyote inayoitaka. Lakini jeni ambayo kuikosa ni kufa haichunguziki kwa kukatwa, na kwa hiyo mutanti za joto bado zinatengenezwa, pamoja na udhaifu wake: baadhi huvuja kazi kidogo hata penye joto, na nyingine hubadilika tena zikapona.