Gundi na kubana mbao: kiungo cha boti ndogo kisichoachia

Chombo cha mbao nene zilizopigiliwa misumari na kuzibwa kwa pamba husaidiwa na maji yenyewe: mbao hunywa maji, huvimba, na nyufa hujifunga. Boti ndogo ya plaiwudi haiko hivyo. Hapo gundi ndiyo inayobeba kazi, na kiungo kikiachia mbali na nchi kavu, ni hatari kwa maisha. Kwa msikilizaji anayetaka kujaribu kuunda nyumbani, tumeyapanga mambo ya msingi.

Gundi gani?

Gundi nyeupe ya viti na makabati hulainika ikikaa majini. Kwa boti, tumia epoksi, ambayo huuzwa makopo mawili: gundi na kigumishi chake. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa mfano sehemu 2 za gundi kwa 1 ya kigumishi. Usizidishe kigumishi ukidhani itakauka haraka, utaiharibu. Changanya kidogo kidogo, kwani ikiwa nyingi kwenye kopo moja hupata moto hata kutoa moshi. Vaa glavu na ufanyie kazi penye hewa.

Kutayarisha mbao

Mbao ziwe kavu, zisiwe na mafuta wala vumbi, na zipigwe msasa. Ukiunga plaiwudi mbili kwa urefu, chonga kila ncha mshazari wenye urefu mara 8 ya unene wake. Plaiwudi ya milimita 6 inataka mshazari wa milimita 48.

Kupaka

Kwanza paka pande zote mbili epoksi nyepesi, mbao zinywe. Kisha chukua epoksi nyingine, uichanganye na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, upake na kuunganisha.

Kubana

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Seremala aliyezoea gundi nyeupe hukaza kwa nguvu zote. Epoksi haitaki hivyo: ukikaza mno, gundi yote hutoka na kiungo hubaki kikavu. Kaza mpaka mstari mwembamba wa gundi uchungulie kote, kisha acha. Kama huna jiliwa za kutosha, funga kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, au tumia kamba na kabari. Tandika nailoni kati ya kiungo na kifaa cha kubania, visigandane.

Subira

Usifungue kabla ya saa 24, na ngoja siku kadhaa kabla ya kushusha boti majini. Osha kiungo kwa maji kabla ya kupiga msasa, kisha paka rangi, maana jua hula epoksi.

Jaribu kwanza

Kabla ya kugusa boti, unga vipande viwili vya mbao zile zile. Vikikauka kabisa, viloweke siku mbili, kisha uvivunje kwa nyundo. Ukivunjika ubao, gundi imeshika. Vikiachana palepale penye gundi, na ubao ukabaki mzima, usiunde boti bado: angalia tena kipimo, ukavu wa mbao na namna ulivyobana.